Safari ya Misri na Baba Ambaye Hakuzaliwa

Mwanangu alipopiga simu kutoka Dar es Salaam na kusema kwamba Desemba tutakwenda Misri sote, mke wangu alicheka mpaka akaacha kuchambua dagaa. Alidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Nilitoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili, nikarudi na kumwomba arudie alichosema.

"Misri, baba. Ulitusimulia habari za Misri tangu hatujajua hata Musoma iko upande gani. Sasa watoto wangu wanaijua ya kwenye kompyuta tu. Twende wakaone piramidi kwa macho yao. Wewe, mama, sisi wanne, na huyo wa hapo nyumbani."

Huyo wa hapo nyumbani ni msichana wa miaka kumi na miwili, mjukuu wa marehemu dada yangu. Tunaishi naye hapa Nkende tangu alipoanza darasa la kwanza, kwa kuwa shule iko karibu. Mama yake amebaki Susuni, kwenye mji wa dada yangu, akilima na kutunza ng'ombe. Kila likizo mtoto huenda kwa mama yake na kurudi na mahindi, maziwa ya mgando na magoti yaliyochubuka.

Nimshukuru Mungu kwanza, maana ndivyo nilivyofundishwa kuanza jambo lolote. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nikastaafu. Kabla ya hapo nilisoma chuo cha Biblia miaka miwili, na darasani kulikuwa na ramani ya Misri iliyochakaa kwenye mikunjo. Nilijua majangwa yake kwa majina. Nilijua upande ambao Mwokozi alikimbiziwa akiwa mchanga. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kwenda huko. Ilikuwa kama kuambiwa utakwenda kuitembelea Jumanne.

Tangu siku ile sikutulia. Nilikuwa nikianza kufagia uwanja naacha ufagio katikati. Nikifungua Maandiko, macho yanasoma na kichwa kiko uwanja wa ndege wa Nairobi, ambako mwanangu alisema tutapandia. Mke wangu alikuwa akiniangalia nikipita mlangoni, naingia, natoka.

"Mzee, kaa chini. Unatuchosha hata sisi tuliokaa."

Mtoto naye alikuwa na daftari. Alikuwa ameazima kitabu cha historia shuleni na kuandika mambo yote tutakayoona, kwa mstari wa rula. Jioni alitusomea. Siku moja alitueleza kwamba maji ya Mto Mara yanaingia ziwani, na maji ya ziwa yanaingia Mto Nile, kwa hiyo maji yaliyopita Serengeti yanafika Misri kabla yetu.

"Maji hayaulizwi cheti," mke wangu alisema.

Siku nyingine alisoma kwamba wafalme wa kule walichonga majina yao kwenye mawe, na mfalme mwingine akija mwenye chuki anayachokoa kwa patasi.

"Kwa nini anayachokoa?" nilimuuliza.

"Ili iwe kama yule hakuwepo, babu."

Nilimwambia akalale. Ilikuwa bado saa moja.

Fomu za hati za kusafiria za watoto wa mwanangu hazikuwa na shida, walizijaza hukohuko Dar. Zetu, mimi na mke wangu, zilipita. Ya mtoto nilikwenda nayo mwenyewe ofisi ya uhamiaji, naye akiwa amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo aliyoiona inafaa serikalini. Dirishani alikuwa kijana mpole, mgeni katika mkoa wetu, Kiswahili chake cha kusini. Alinisalimu shikamoo, akachukua makaratasi, akayapanga.

"Mzee, cheti cha kuzaliwa kipo. Kibali cha mama kipo. Baba yake yuko wapi? Tunahitaji kibali chake na kitambulisho."

"Hayupo."

"Amefariki? Basi lete cheti cha kifo."

"Hakufariki."

"Amesafiri?"

"Hapana."

"Ametelekeza familia?"

"Hapana, mwanangu. Hakuzaliwa."

Kijana aliweka kalamu chini. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo bibi mmoja wa Kikurya aliyekuja na mambo yake, akaangua kicheko.

"Mwambie ni nyumba ntobhu," alisema. "Huyu mtoto wa watu atajuaje? Kwao hawana."

Ikabidi nieleze, huku watu wakisikiliza na wengine wakinisahihisha. Kwetu mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, mume wake akifa, anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, analeta binti nyumbani kwake, na binti yule anakuwa mkamwana wake, mke wa mwana ambaye angekuwepo. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile. Aliyesaidia kuwapata haulizwi wala hatajwi. Dada yangu alizaa mabinti watatu, wote wakaolewa. Ng'ombe wa mahari yao ndio aliooa nao.

"Kwa hiyo hili jina kwenye cheti, mahali pa baba," kijana alisema taratibu, "ni la mtu gani?"

"La mwana ambaye dada yangu hakumpata."

"Alikuwa na jina?"

"Alikuwa nalo."

Alinirudishia cheti. "Mzee wangu, mimi nimeelewa. Naapa nimeelewa. Ila mfumo hautaelewa. Ukishaandika baba, mfumo unamtaka baba, akiwa hai au amekufa."

Tulirudi nyumbani. Nilijua lazima nimwambie kitu, lakini nilishindwa kupata pa kuanzia, nikamnunulia maandazi. Alikula moja, akaniambia bila kunitazama:

"Babu, usihangaike kunieleza. Nilijua tangu darasa la tatu. Wenzangu walinitania kwamba baba yangu ni jina."

"Ukawajibuje?"

"Nikawaambia baba yao ni tumbo."

Sikumkemea. Pengine ningepaswa.

Kitu ambacho sikumwambia mtoto, wala yule kijana wa dirishani, ni kwamba lile jina niliandika mimi. Na kabla ya hilo kuna jingine. Dada yangu alipooa, kanisa letu lilimtenga asishiriki meza ya Bwana. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, nimekaa kwenye baraza lililokata shauri hilo. Walisema ndoa ile si kitu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilitazama mikono yangu. Dada hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kuja ibadani, akikaa benchi la nyuma, na akinikuta nje ananiuliza kama watoto wangu wamepona kikohozi.

Mtoto alipozaliwa alikuja na kadi ya kliniki na fomu ya cheti, akaniomba nimjazie kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nilipofika mahali pa jina la baba nikanyanyua kalamu. Alinitajia jina. Alilitamka haraka, kama mtu aliyelitamka mara nyingi akiwa peke yake. Baadaye niliambiwa na mke wangu kwamba dada alikuwa nalo tangu mimba yake ya kwanza. Nililiandika. Nilijiambia kwamba ni herufi tu, na kwamba ninalipa deni la ule ukimya wangu. Sasa herufi zile zilikuwa zimemzuia mtoto kutoka nje ya nchi.

Mwanangu alipiga simu. Alitaka kukata tiketi kabla ya mwisho wa mwezi.

"Baba, kama ya huyo haiwezekani, basi. Sitaki upate presha. Tutamletea zawadi nzuri."

Alisema kwa upendo, najua. Lakini simu ilikuwa na sauti kubwa, kwa sababu sisikii vizuri, na mtoto alikuwa jikoni akimenya ndizi. Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea.

"Mimi sina shida, babu," alisema nilipoingia. "Nitakwenda kwa mama. Ng'ombe wanahitaji mtu."

Lile daftari halikuonekana tena mezani. Nililitafuta kwa siri kama mwizi, nikalikuta chini ya godoro lake. Hakuwa ameongeza kitu tangu siku ya dirishani.

Nilizidi kuhangaika. Nilitembea mpaka barabara kuu na kurudi bila kununua chochote. Niliomba, na maombi yangu yalikuwa yakikatika kama redio yenye betri mbovu. Mwisho nilimwendea mwenzangu, mzee wa kanisa kama mimi, aliyewahi kuwa mtendaji wa kijijini. Anajua mihuri yote na watu wanaoishika. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe.

"Hili jambo jepesi," alisema. "Tunapata barua ya kijiji kwamba huyo baba alifariki. Barua inazaa cheti cha kifo. Mtoto anasafiri. Utakuwa umemzika mtu ambaye hana wa kumlilia. Nani ameumia?"

"Na Jumapili utakaa pale mbele, ukigawa mkate?"

"Nitakaa. Tena karibu na wewe, tubanane."

Tulicheka, na kicheko kiliponiisha nikaona kwamba ninalifikiria kweli. Nilirudi nyumbani nikihesabu siku. Wiki moja barua, wiki mbili cheti, tiketi zinapatikana. Nilikuwa nimeshachagua hata ugonjwa uliomuua: malaria. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia na kumwomba Mungu anisamehe kabla sijafanya.

Kesho yake nilikwenda kwa wakili mjini. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa hukuhuku, ana miwani anayoivaa kichwani na kuitafuta mezani.

"Mzee, wewe si wa kwanza," alisema. "Wengi wanakuja, nao wanataka niandike kwamba baba amekufa. Nawafukuza. Kiapo cha kweli kipo, ila hakuna anayekipenda."

Alinieleza. Mama wa mtoto na mimi, mimi kwa kuwa ndiye niliyejaza, tunaapa kwamba mtu mwenye jina lile hakuwahi kuzaliwa. Tunaeleza mila, ng'ombe waliotolewa, na nyumba ambayo mtoto ni wake. Cheti kinatolewa upya, mahali pa baba panabaki wazi, na mama anakuwa mzazi pekee. Majina matatu ya mtoto mwenyewe yanabaki kama yalivyo, na la pili ndilo lile jina alilonitajia dada.

"Lakini lazima uandike wazi," aliongeza, "kwamba dada yako alioa. Kwa maneno hayo. Unaweza?"

Nilisema nitarudi.

Nilipanda bodaboda hadi Susuni. Mama wa mtoto alikuwa akipalilia viazi. Aliponiona aliacha jembe, akafunga kanga vizuri na kusimama mbali kidogo, uso upande, kama mkamwana anavyosimama mbele ya baba mkwe. Hatupeani mikono. Amekuwa akisimama hivyo miaka yote, na miaka yote mimi nimekuwa nikimwita "binti" tu, kana kwamba ni jirani aliyepita. Yeye huniita baba.

Nilimweleza kila kitu, hata lile shauri la cheti cha kifo. Alisikiliza akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Hapo mahali pa baba pakibaki wazi," alisema, "si watasema mtoto hana kwao? Shemeji wa mama mkwe yuko hapo ng'ambo ya ua. Anasubiri tu mtu aseme neno hilo. Hili shamba nimelilima tangu nina miaka kumi na saba."

Nilimwambia wakili amesema kiapo kitataja nyumba na ng'ombe. Kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa mahali kitaandikwa, na nakala atabaki nayo yeye.

"Na asipokwenda huko kwenye makaburi ya wazungu?"

"Si wazungu. Ni Waafrika wenzetu, wa zamani."

"Asipokwenda?"

"Atabaki hapa na wewe. Wenzake watamletea zawadi."

Aliokota jembe. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Wewe ndiye uliyeandika, baba. Mimi siwezi kulifuta bila mama kujua. Nenda kamwambie."

Kaburi la dada yangu liko upande wa chini wa mji, limesakafiwa kwa saruji. Nilimwambia binti kwamba sisi tulioamini hatusemi na wafu. Nimelihubiri hilo mara nyingi, na nililisema kwa upole.

"Basi sema na Mungu," alinijibu. "Ila kasimame pale, na yeye asikie."

Nilikwenda. Yeye alibaki hatua kadhaa nyuma. Ilikuwa mchana, jua kali, kuku wanachakura pembeni. Nilivua kofia nikaanza kumshukuru Mungu kwa maisha ya dada yangu, kama tunavyoanza kwenye mazishi, na maneno yalikuja yenyewe kwa kuwa nimeyazoea. Nilipomaliza yale ya mazoea sikuwa na kitu. Nilisimama. Nikabadilisha mguu. Nikasema kwa Kikurya, maana Kiswahili kilinikimbia, kwamba Bwana anajua nilikuwepo siku ile kwenye baraza na sikufungua mdomo. Kwamba yule mwana ambaye dada alimngojea nilimwandika kwa mkono wangu, na sasa namtoa mahali nilipomweka, si kwa sababu hakuwa kitu. Kwamba jina lake linabaki kwa mtoto. Sikujua namna ya kumaliza, nikasema amina. Nyuma yangu naye akasema amina, ingawa yeye si wa kanisa letu.

Kwa wakili tuliapa Alhamisi, mimi nikiwa nimeshika Kitabu. Alitusomea kiapo kwa sauti. Alipofika pale paliposema "dada yangu alioa kwa mujibu wa mila na desturi," aliinua macho. Niliweka sahihi. Mwandiko ulisomeka. Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji asinipange kugawa mkate mpaka nizungumze na baraza. Aliuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana, nina maneno niliyochelewa kuyasema. Baraza lilinisikiliza. Wengine walikasirika, mmoja alitoka nje, na jambo lenyewe halijaisha hadi leo ninapoandika.

Cheti kipya kilichukua muda ambao nilidhani hautakwisha. Kila siku nilikwenda kuuliza, mpaka karani akawa ananiona tu anatikisa kichwa. Mwanangu aliongeza wiki moja, kisha akaongeza nyingine, akisema ndege haingoji wazee. Hatimaye karani hakutikisa kichwa.

Siku ya kurudi uhamiaji tulikwenda watatu, kwa kuwa mama alitakiwa afike mwenyewe. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kuazima vilivyombana. Mtoto alikuwa tena na sare. Yule kijana wa dirishani alitukumbuka. Alisoma kiapo mpaka mwisho, akarudia ukurasa wa kwanza, akaenda nacho chumba cha ndani. Tulisikia sauti mbili zikibishana kwa upole. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Mtoto alinivuta koti nikakaa.

Kijana alirudi akaketi, akavuta fomu.

"Mama, wewe ndiye mzazi?"

"Ndimi."

"Na huyu mzee ni nani yako?"

Mama wa mtoto alinitazama, jambo ambalo kwa heshima yetu halifanyiki, akanitazama usoni kabisa, akingoja. Nikaelewa kwamba ananiachia mimi niseme.

"Ni mkamwana wangu," nilisema.

"Mke wa mwanao?"

"Mke wa mwana wa dada yangu."

Kijana alishika kalamu juu ya karatasi, akatabasamu kidogo, akaandika. Aligonga muhuri mara mbili, akatuelekeza chumba cha picha na alama za vidole. Mtoto alikuwa ameshatangulia.

Nilitoka barazani nikampigia mwanangu. Aliuliza akate tiketi ngapi.

"Saba," nilimwambia. Akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia akate sasa hivi, mimi nitangoja hapohapo kwenye simu.